Anayemngoja Bwana Hauzi Shamba

Mwanzoni mwa karne ya tatu mwandishi mmoja wa Kikristo, Hippolytus, aliandika maelezo ya kitabu cha Danieli, na humo akasimulia visa viwili ambavyo laiti vingesomwa katika kila kanisa la Afrika Mashariki. Cha kwanza kinamhusu askofu wa Siria aliyewashawishi waumini wake watoke wakamlaki Kristo jangwani. Wakatoka, wanaume kwa wanawake, watoto wakiwa wamebebwa, wakatangatanga milimani hadi gavana akawadhania ni genge la wanyang'anyi. Walinusurika kuuawa kwa sababu mke wa gavana alikuwa Mkristo, akamsihi mumewe. Cha pili kilitokea Ponto, kaskazini mwa nchi tunayoiita leo Uturuki. Askofu wa huko alikuwa mcha Mungu na mnyenyekevu, lakini aliota ndoto moja, akaota ya pili, akaota ya tatu, kisha akawatangazia watu wake kwamba mwaka hautaisha kabla ya siku ya hukumu. Mashamba yakaachwa. Wengi wakauza walichokuwa nacho. Mwaka ukaisha, askofu akaumbuka, mabinti waliokuwa wameapa kutoolewa wakaolewa, wanaume wakarudi kulima, na wale waliouza mali wakaishia kuombaomba.

Imepita miaka kama 1,800. Aprili 2023 polisi wa Kenya waliingia msitu wa Shakahola, katika kaunti ya Kilifi, wakaanza kufukua makaburi. Kazi ilikwenda kwa awamu, na mwishowe hesabu ya miili ikapita 400, watoto wakiwa wengi miongoni mwao. Wataalamu wa serikali walioichunguza miili hiyo walikuta kwamba wengi walikufa kwa njaa, na baadhi, wakiwemo watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Mhubiri Paul Mackenzie, mwanzilishi wa kanisa la Good News International, anadaiwa kuwaambia watu wafunge kula hadi wafe ili wakutane na Yesu kabla dunia haijafika mwisho. Yeye amekana mashtaka, na hukumu juu yake ni ya mahakama, si yangu. Lakini yapo ambayo hayana ubishi: watu waliacha kazi, wakauza vitu vyao, wakawatoa watoto shuleni, wakahamia porini. Walikuwemo waliosoma na wenye ajira za kueleweka, kwa hiyo tusijifariji kwamba ni ujinga wa watu wa mashambani.

Uganda walilipia somo hili mapema zaidi. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lililofungwa, mali ya kundi la Credonia Mwerinde na Joseph Kibwetere. Kundi lilikuwa limewaaminisha wafuasi wake kwamba dunia haitauvuka mwaka 1999. Ilipouvuka, waliokuwa wameuza ng'ombe na viwanja wakaanza kuulizia mali zao, na polisi waliouchunguza moto ule waliishia kuuita mauaji.

Kila yanapotokea mambo kama haya, tunaambiwa kwenye redio na kwenye vijiwe kwamba tatizo ni imani kali. Watu wamemwamini Yesu kupita kiasi. Ushauri unaofuata huwa ni kwamba tupunguze kidogo, tuwe Wakristo wa wastani, haya mambo ya kurudi kwa Bwana tuyaache kwenye Kanuni ya Imani ambako huwa tunayasema haraka haraka tukielekea matangazo.

Mimi nayaona kinyume. Kilichokosekana Ponto, Kanungu na Shakahola ni subira. Aliyeshindwa kungoja ndiye anayehitaji tarehe. Mwenye kungoja kweli anaweza kuishi na jibu alilotoa Yesu mwenyewe, kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye, malaika hawaijui, wala Mwana, ila Baba peke yake. Jibu hilo linachosha, nakubali. Linamnyima mhubiri tangazo la kubandika kwenye nguzo za umeme. Lakini ndilo tulilopewa, na anayeongeza tarehe juu yake amekata tamaa na ahadi kama ilivyo, akaamua kuitengeneza upya iwe na mwisho anaouona.

Tatizo lenyewe ni la zamani kuliko Hippolytus. Barua ya kwanza kwa Wathesalonike ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Agano Jipya. Paulo aliiandika yapata mwaka 50 au 51, miaka ishirini hivi tangu kusulubiwa. Kanisa lile lilikuwa changa mno. Paulo alikaa nao muda mfupi, ghasia zikamfukuza mjini, akaliacha na maswali. Ndugu zao walikuwa wameanza kufa kabla Bwana hajarudi, wakaingiwa na hofu kwamba marehemu wamekosa nafasi. Wengine walishaacha kazi. Na katika barua ya pili tunasoma kwamba kulikuwa na uvumi, pengine na barua iliyodaiwa kutoka kwa Paulo mwenyewe, kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika. Kughushi barua ya mtume ili kuwatia watu kiwewe: utaona kwamba wanaotusambazia unabii wa uongo kwenye WhatsApp hawakuvumbua jipya.

Sasa tazama alivyowajibu. Hakuwaambia wasahau kurudi kwa Kristo. Katika barua ya kwanza alizungumza kuhusu kuja kwake sura baada ya sura. Lakini katikati ya mazungumzo hayo hayo anawaagiza watulie, kila mtu ashike shughuli yake, wafanye kazi kwa mikono yao, wasimtegemee mtu. Na lile agizo kali kwamba asiyetaka kufanya kazi naye chakula kimpite, ambalo baadhi yetu tulilisikia kwanza kwenye mikutano ya chama enzi za Ujamaa kabla hatujalikuta kwenye Biblia, halikuelekezwa kwa wavivu wa kawaida. Lilielekezwa kwa watu waliokaa mkao wa kula wakingoja mbingu zifunguke. Tumelitumia miaka mingi kuwasuta wanaocheza bao mchana, na walengwa wake wa kwanza walikuwa watu wa kanisani.

Kama kuna kundi lililoonja uchungu wa tarehe kuliko mengine yote ya zama zetu, ni wale waliomfuata William Miller. Alikuwa mkulima wa jimbo la New York, Marekani, mzaliwa wa 1782, aliyepigana vita vya 1812 na kwa muda akawa hana habari na Biblia. Alipoirudia, aliisoma kwa kalamu na karatasi. Alichukua zile siku 2,300 za Danieli sura ya 8, akazigeuza miaka, akaanzia mwaka 457 kabla ya Kristo, akafikia mahali fulani karibu na 1843. Hakukurupuka. Alikaa na hesabu zake zaidi ya miaka kumi kabla ya kuanza kuhubiri mwaka 1831. Alipopata mtu wa kumtangaza, mchungaji Joshua Himes wa Boston, magazeti yakachapwa, mahema makubwa yakasimamishwa, na maelfu kwa maelfu wakaamini. Miller mwenyewe alisita kutaja siku. Aliyeitaja ni mfuasi wake, Samuel Snow, na siku yenyewe ilikuwa tarehe 22 Oktoba 1844. Mzee alikubaliana nayo mwishoni kabisa, ikiwa imebaki majuma machache tu.

Usiku ule watu walikesha. Hiram Edson, mmoja wao, aliandika baadaye kwamba walilia na kulia mpaka kukapambazuka. Hebu fikiria asubuhi ya tarehe 23. Duka umelifunga na kuligawa. Madeni umewasamehe watu. Majirani wako barazani wanangoja kukuuliza mbona bado upo.

Katika masimulizi ya Waadventista kuna mkulima wa New Hampshire, Leonard Hastings, aliyekataa kuvuna viazi vyake mwaka ule ili shamba lililoachwa liwe ushuhuda wake. Majirani waliovuna mapema viazi vyao vikaoza kwa ugonjwa uliokuwa umeingia. Vyake, vilivyochelewa ardhini, vikatoka vizima, akauza kwa bei nzuri. Kisa kitamu. Mimi sikichukui kama ushauri wa kilimo.

Kinachonivutia ni kilichotokea baada ya hapo. Wengi walirudi makanisani mwao wakiwa na aibu, wengine wakaacha dini kabisa. Miller alikiri kwamba hesabu zake zilikosea, akaendelea kumngoja Bwana, akafa Desemba 1849 akiwa bado anangoja. Kikundi kidogo kikabaki kinasoma upya maandiko yale. Wana maelezo yao kuhusu kilichotokea mbinguni tarehe ile, na sisi wengine hatukubaliani nayo, lakini siingii huko leo. Hoja yangu ni nyingine. Mwishowe watu hao waliacha kutaja tarehe, na mwaka 1863, huko Battle Creek, Michigan, wakaunda kanisa rasmi. Jina lao lenyewe linabeba tumaini la marejeo ya Yesu. Kwetu tunawaita Wasabato.

Mwaka 1903 wamisionari wawili Wajerumani wa kanisa hilo walifika Upare, kaskazini mwa Tanzania ya leo, na kuanzisha kituo Giti. Miaka mitatu baadaye wenzao walifika Gendia, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya. Mmoja alikuwa Arthur Carscallen, na pamoja naye alikuwa Mwafrika, Peter Nyambo wa Malawi ya leo. Ungetegemea nini kutoka kwa watu wanaoamini kwamba historia imebakiza dakika chache? Ungetegemea wapige tarumbeta, wabatize upesi, wahame. Badala yake walifungua shule. Mwaka 1909 Ernst Kotz alichapisha kitabu cha sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare. Carscallen naye akaandika sarufi ya Kijaluo. Baadaye zikaja hospitali: Gendia yenyewe, Heri kule Kigoma, na nyingine Uganda na Rwanda.

Sarufi! Kazi ya kuketi na wazee jioni baada ya jioni ukiwauliza kitenzi hiki kikiwa cha jana kinatamkwaje, na kikiwa cha kesho je. Sijui kazi inayodai subira kuliko hiyo. Mtu anayeifanya huku akiamini kwa dhati kwamba Bwana wake yu karibu, huyo ndiye ninayemwita mngojaji.

Nimekulia Upare, katika familia ya Kilutheri iliyopakana na nyumba ya Wasabato, na niseme ukweli, nilijifunza habari za kungoja kwao zaidi kuliko katika mafundisho ya kipaimara. Ijumaa mchana nyumba ile ilikuwa na shughuli kuliko nyumba yoyote kijijini. Kuni zilipasuliwa za siku mbili. Ng'ombe walikatiwa majani ya siku mbili. Makande yaliinjikwa mapema ili jua likizama yawe yameiva na moto umepunguzwa. Pasi ya mkaa ilipita juu ya mashati ya watoto, viatu vikapangwa kibarazani vimeshapigwa kiwi. Baba wa nyumba alishapanga na wenzake wa ndiva, lile bwawa la kugawana maji ya mfereji, ili zamu yake isiangukie Jumamosi, na malipo yake ni kwamba alichukua zamu za usiku ambazo wengine walizikimbia. Jua likitua, kazi imekoma, unasikia wimbo.

Kisha Jumapili asubuhi, sisi tukiteremka kwenda kanisani na Biblia mkononi, tulimkuta mzee yule shambani, jembe limeshalowa umande. Mahindi yake yalikuwa yamepaliliwa mara mbili wakati ya kwetu yanangoja palizi ya kwanza. Aliamini Yesu anaweza kurudi kabla mahindi hayajabeba. Alisema hivyo waziwazi, wala hakuona mgongano wowote. Kila juma, kwa miaka yote, alijiandaa kana kwamba mgeni anafika Ijumaa jioni, na kila juma alipalilia kana kwamba atavuna.

Waraka wa Yakobo unamweka mkulima mbele yetu kama mwalimu wa jambo hili. Anangoja mazao ya thamani mpaka ardhi ipate mvua ya kwanza na ya mwisho. Wasomaji wa nchi za baridi huhitaji maelezo marefu ya chini ya ukurasa kuelewa hapo. Sisi hatuyahitaji. Nchi ya Yakobo hupata mvua ya kwanza kuanzia Oktoba na Novemba, kiangazi kikiisha, na ile ya kukomazia nafaka Machi hadi Aprili. Msomaji wa Same, Taita au Kilifi atazitambua mara moja kuwa ni miezi ya vuli na masika. Anajua pia kwamba katikati ya mvua hizo mbili mtu halali. Anatifua, anafukuza nyani, anakopa mbegu, anaangalia upande mvua inakotokea. Hakuna mkulima anayejua tarehe ya masika, na hakuna aliyewahi kuuza shamba kwa sababu ya kutoijua.

Mfano wa wanawali kumi nao tumeuhubiri vibaya. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu wapumbavu waliolala. Fungua Mathayo 25 usome tena: walilala wote, wenye busara na wapumbavu. Bwana arusi alikawia, wote wakasinzia, na hakuna mahali ambapo wenye busara wanakaripiwa kwa usingizi wao. Kilichowatenganisha ni mafuta ya akiba. Walikuwa wamejiandaa kwa uwezekano kwamba usiku utakuwa mrefu. Wapumbavu ndio waliokuwa na hakika kwamba bwana arusi angefika upesi, wakabeba mafuta ya muda mfupi. Kwa maneno mengine, kwa mfano ule wapumbavu ndio wenye tarehe. Na katika sura hiyo hiyo inafuata hesabu ya talanta, ambapo anayeadhibiwa ni yule aliyechimbia fedha ya bwana wake ardhini. Kisha hukumu ya kondoo na mbuzi, ambapo waliolisha wenye njaa na kutembelea wafungwa wanashangaa kuambiwa kwamba siku zote walikuwa wanamhudumia yeye waliyekuwa wakimngoja. Shakahola watu walinyimwa chakula kwa jina lake. Sioni upindaji wa Injili mkubwa kuliko huo.

Hadi hapa nimewashambulia wauza tarehe, na ni rahisi, maana wameshindwa mchana kweupe. Lakini kuna lawama ambayo inanihusu mimi na kanisa langu, na makanisa mengine makongwe tunayokaa nayo meza moja. Sisi tumeacha kungoja. Tulipoona wenye tarehe wanaharibu, tulinyamaza, na ukimya ule tukauita hekima.

Angalia Majilio. Katika mpangilio wa masomo ya Kanisa Katoliki, kipindi hicho tangu mwanzo wake hadi tarehe 16 Desemba kinaelekeza macho kwanza kwenye kurudi kwa Kristo. Kuanzia tarehe 17 ndipo kinageukia horini Bethlehemu. Walutheri na Waanglikana nao huyaanza Majilio kwa masomo ya namna hiyo. Rangi inabadilika kuwa zambarau. Kila kitu kimeandaliwa ili Mkristo akumbushwe, mara moja kwa mwaka angalau, kwamba hadithi haijaisha. Halafu nini kinafanyika? Jumapili ya kwanza ya Majilio kwaya inafanya mazoezi ya Krismasi, tangazo la pili ni ahadi za jengo ambazo hazijakamilishwa, na mahubiri ni kuhusu kufunga mwaka vizuri kifedha. Makanisa ya mafanikio yamefika mbali zaidi. Kwao mgeni anayengojwa ni gari na visa ya nje. Mkesha wa tarehe 31 Desemba unatangaziwa kwamba huu unaokuja ni mwaka wa kuvuka, panda mbegu, chukua mafuta ya upako, na mwaka unaofuata unaambiwa hivyo hivyo.

Sehemu pekee ambapo kurudi kwa Bwana kunatajwa kwa sauti ni makaburini, na nyuma ya daladala.

Pengo hilo halikubaki tupu. Mama aliyefiwa na watoto wawili, kijana aliyezunguka na vyeti miaka mitano, mtu anayetazama vita na ukame na kujiuliza kama kuna anayeona, wote wana njaa ya kuambiwa kwamba dunia hii ina mwisho na mwisho huo uko mikononi mwa mtu mwema. Wakilikosa neno hilo Jumapili kwa mchungaji aliyesoma chuo cha theolojia miaka mitano, watalipata kwa dereva teksi aliyegeuka nabii juzi. Mackenzie kabla ya kuhubiri alikuwa dereva teksi Malindi. Wahubiri kama yeye hawakuwaiba waumini wetu usiku. Waliwakuta mlangoni wamesimama, sisi tuko ndani tunapiga mnada wa jogoo.

Kuna wanaoniambia kwamba kumngoja Kristo kunawafanya maskini wavumilie dhuluma, wakitazama juu huku wanaibiwa chini. Hoja ina uzito, na kwa kweli kuna mahubiri ya namna hiyo. Enzi za wakoloni yalitufaa sana, yaani yaliwafaa wao. Lakini kungoja kwa Biblia si kimya kiasi hicho. Katika kitabu cha Ufunuo waliouawa kwa ajili ya neno la Mungu wanalia chini ya madhabahu wakiuliza hadi lini. Wanapewa kanzu nyeupe na kuambiwa wangoje bado kidogo, lakini hawakemewi kwa kuuliza. Mkristo wa Goma au Beni, mashariki mwa Kongo, anayemuuliza Mungu hadi lini, huku akipika uji wa wakimbizi waliojaa uwanja wa kanisa, hajapungukiwa subira. Huyo anangoja kwa namna ile ile ya mashahidi wale, na anayemwambia anyamaze ndiye mwenye haraka.

Waraka wa pili wa Petro ulikuwa tayari unajibu wenye dhihaka waliosema kwamba baba zetu wamelala na kila kitu kiko vile vile. Jibu lake lingali linanishika: kinachoonekana kama kuchelewa ni uvumilivu wa Mungu, asiyetaka mtu apotee. Kumbe tunangoja wawili. Na kama yeye anatungoja sisi, ni haki tuulize anatungojea tufanye nini. Binafsi sidhani jibu ni kuhesabu miaka ya Danieli. Walutheri tunapenda kusema kwamba Martin Luther alitamka kuwa hata angejua dunia inaisha kesho angepanda mti wa tufaha leo. Kauli hiyo haijapatikana popote katika maandishi yake. Ushahidi wa kale zaidi unaojulikana ni wa mwaka 1944, katika barua iliyosambazwa miongoni mwa Wakristo wa Ujerumani waliompinga Hitler. Kwangu inapata uzito zaidi hivyo. Mtu fulani, mabomu yakiangukia miji yake, aliona inafaa kuwakumbusha wenzake habari ya kupanda miti.

Kwa hiyo ombi langu kwa wachungaji na mapadre ni dogo. Majilio yajayo, Jumapili ya kwanza, hubirini kurudi kwa Kristo. Msiombe radhi, msitanie, msikimbilie Bethlehemu. Waambieni watu kwamba anakuja, kwamba hatujui lini, na kwamba kutojua huko ni sehemu ya imani yenyewe. Serikali zetu zinaweza kusajili makanisa na kudai vyeti vya wahubiri. Kenya mjadala huo umepamba moto tangu Shakahola, na sina ugomvi nao. Lakini hakuna msajili atakayejaza pengo lililoachwa na mimbari.

Na kwako msomaji, ukikutana na mhubiri anayetaja tarehe, muulize kiwanja chake amekiandikisha kwa jina la nani, na mwakani karo ya watoto wake atalipa nani. Akikuambia uuze shamba, uache dawa, umtoe mtoto shule au umnyime chakula, usibaki kubishana naye aya kwa aya. Toka, waambie ndugu zako, waambie mwenyekiti wa mtaa au mzee wa nyumba kumi, kapige ripoti polisi, na usichoke wakikuzungusha. Kisha Jumatatu mpeleke mtoto shule.